Kuutambua Mfupa wa Kisukuku Wakati wa Kuusafisha: Mwongozo Kamili kwa Wasafishaji wa Magharibi mwa Kenya

Mfupa mkubwa wa kisukuku, yaani uliogeuka jiwe tangu zamani, unapojitokeza kwenye korongo karibu na Koru, au unapofunuliwa na mvua kwenye miteremko ya kisiwa cha Rusinga, watu wengi huharakisha kusema kwamba ni wa dinosaria. Hamu hiyo inaeleweka, na mimi huipokea kwa furaha, kwa sababu ndiyo inayomfanya kijana ainame na kutazama ardhi kwa makini. Hata hivyo, jina la mnyama hujulikana baadaye sana, na kwa sehemu kubwa hujulikana mezani, wakati mfupa unapotolewa kwenye mwamba kidogo kidogo. Anayesafisha ndiye mtu wa kwanza kuziona alama zinazomtofautisha mnyama mmoja na mwingine, na asipokuwa mwangalifu atakuwa pia wa mwisho kuziona, kwa kuwa alama iliyokwanguliwa hairudi tena.

Mwongozo huu unamhusu anayefanya kazi hiyo chini ya usimamizi wa watu wenye kibali. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inayaweka mabaki ya aina hii chini ya umiliki wa serikali, na kuchimba bila kibali ni kosa. Kwa hiyo aliyeuona mfupa shambani aupige picha ulipo, aweke alama mahali hapo bila kuung'oa, kisha apeleke taarifa kwenye makavazi yaliyo karibu, yawe ya Kisumu, ya Kitale au ya Hyrax Hill huko Nakuru.

Hatua ya kwanza: soma mwamba kabla ya mfupa

Kabla ya kugusa chombo chochote, jiulize mfupa umetoka kwenye mwamba wa umri gani. Jibu la swali hili peke yake linaweza kuondoa nusu ya majina yanayowezekana.

Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mashapo yenye visukuku katika eneo la Nyanza na kandokando yake ni machanga kuliko hapo kwa mbali. Yale ya Meswa Bridge yana takriban miaka milioni 22 au 23, ya Songhor na Koru yana karibu milioni 20, mengi ya Rusinga yanakaribia milioni 18, na ya Fort Ternan ni ya karibu milioni 14. Yale ya Kanjera na Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, ni ya juzi tu yakilinganishwa na hayo, kwani yana kati ya miaka milioni 2 na 3. Chini ya mashapo haya kuna miamba mikongwe sana, mingine ikiwa imefanyika kabla ya mnyama yeyote mwenye mifupa kuwapo duniani. Katikati ya tabaka hizo mbili, enzi za dinosaria hazikuacha mwamba wenye mifupa katika eneo letu.

Kwa hiyo mfupa mkubwa uliotoka kweli Koru au Rusinga ni wa mamalia, mamba au kobe, na wajibu wako ni kujua ni yupi kati yao. Dinosaria wa Kenya wanapatikana kwenye mawe ya mchanga ya safu ya Lapurr, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Turkana, ambayo ni ya mwisho wa kipindi cha Kretasia, yaani mwisho wa enzi za dinosaria. Majirani zetu wa Tanzania wana Tendaguru, karibu na Lindi, ambako Wajerumani walichimba kati ya mwaka 1909 na 1913 na kupeleka Berlin mifupa ya Giraffatitan, na pia wana bonde la Rukwa, lililotoa Rukwatitan, aliyetangazwa mwaka 2014, na Shingopana, aliyetangazwa mwaka 2017. Msafishaji aliyejifunzia kazi Kisumu anaweza kuitwa kesho kusaidia kusafisha mzigo wa Turkana, na ndiyo maana inafaa azijue alama za pande zote mbili.

Mwamba wenyewe utakusaidia. Visukuku vingi vya Rusinga na Mfangano vilifukiwa na jivu la volkeno ya kale ya Kisingiri, na vile vya Koru, Songhor na Fort Ternan vinahusiana na volkeno ya Tinderet. Jivu hilo mara nyingi lina rangi ya kijivu au ya kahawia hafifu, lina chembe za madini zinazometameta chini ya lenzi, na katika sehemu nyingi limejaa chokaa. Jiwe la mchanga la Lapurr ni kitu tofauti kabisa. Ikiwa lebo inasema Rusinga na mfupa umeshikwa na jiwe gumu la mchanga lisilo na dalili yoyote ya jivu, simamisha kazi na uulize habari za lebo kwanza.

Hifadhi kipande cha mwamba huo, chenye ukubwa wa ngumi au hata nusu yake, kwenye mfuko wenye namba ileile ya mfupa. Nimeona watu wakisafisha mfupa ukang'aa huku mwamba wote ukitupwa jalalani, na pamoja nao ushahidi wa umri ukapotea. Vumbi na vipande vidogo navyo vichujwe kwa chekecheke laini, kwa sababu meno ya panya wa kale na magamba ya konokono wa nchi kavu hupatikana humo, nayo hueleza mazingira vizuri kuliko mfupa mkubwa.

Hatua ya pili: daftari, lebo na meza

Fungua ukurasa mmoja wa daftari kwa kila mfupa. Andika namba ya uwanjani, mahali, tabaka, upande uliokuwa juu ardhini, na tarehe ya kuanza kazi. Piga picha pande zote ukiwa umeweka rula kando. Utaendelea kuandika humo kila unapobadilisha chombo, unapopaka gundi, na unapovunja kitu, kwani kila msafishaji huvunja kitu, na aliyeandika palipovunjika humwokoa mtafiti asidhani kwamba ufa ule ni wa kale.

Mezani weka mifuko midogo ya mchanga ya kuushikilia mfupa, taa inayoweza kuinamishwa, lenzi ya kukuza mara kumi, brashi laini, sindano nene zilizofungwa kwenye vishikio, na vyombo vya daktari wa meno. Patasi ndogo inayoendeshwa kwa hewa ya shinikizo ni chombo kizuri mno kwa mwamba mgumu, lakini haifai kwa mtu ambaye hajazoea kuutofautisha mfupa na mwamba kwa sindano. Vaa barakoa na miwani, kwa sababu vumbi la jivu la volkeno na la mchanga huumiza mapafu polepole bila mtu kujua.

Hatua ya tatu: dirisha dogo la majaribio

Usianze katikati ya mfupa wala kwenye ncha zake. Tafuta mahali palipovunjika zamani, kisha safisha eneo dogo lenye upana wa sentimita mbili hivi, na ulitazame kwa lenzi ukiwa umelaza taa ubavuni ili mwanga upite juu ya uso wake.

Mfupa wa kweli una sehemu mbili. Nje kuna ganda lililoshikamana, lenye vitundu vidogo mno na mistari inayofuata urefu wa mfupa. Ndani kuna vyumba vidogo vidogo vilivyotenganishwa na kuta nyembamba, vinavyofanana na ndani ya mkate uliokatwa, na mara nyingi vyumba hivyo vimejazwa madini meupe. Ukiziona sehemu zote mbili na mpaka kati yake, una mfupa.

Vitu vinavyodanganya zaidi katika eneo letu ni vifundo vya chokaa vilivyofanyika kuzunguka mizizi ya mimea ya kale. Vina umbo la mviringo mrefu, huvimba mwishoni, na kwa mbali huonekana kama vifupa vya miguu, lakini ukivikata utakuta duara ndani ya duara bila ganda wala vyumba, na mara nyingine tundu moja katikati pale mzizi ulipokuwa. Mti uliogeuka jiwe una nyuzi zinazokwenda upande mmoja hadi ndani kabisa, na hauna mpaka kati ya ganda na kiini. Pembe ya ndovu, ikiwa imevunjika kwa kukingama, huonyesha kwa jamaa wengi wa ndovu mistari iliyopinda inayokatana, na hilo halionekani kwenye mfupa wowote. Wapo wanaoweka jiwe kwenye ulimi ili waone kama litanata. Njia hiyo siipendekezi, kwa sababu chokaa na udongo mkavu navyo hunata, na uchafu wa uwanjani hauna nafasi mdomoni.

Hatua ya nne: kuufuata mfupa

Sasa anza kutoka kwenye dirisha lako na uufuate uso wa mfupa, ukitoka mahali unapopajua kuelekea usipopajua. Sindano iinamishwe ili nguvu iende kwenye mwamba, mbali na mfupa, na vipande vinavyobanduliwa viwe vidogo. Ukibahatika, mwamba utaachia wenyewe kwenye mpaka wake na mfupa, nawe utauona uso laini wenye rangi tofauti. Usipoachia, usiulazimishe. Acha tabaka jembamba la mwamba, uendelee mbele, kisha urudi baadaye ukiwa na lenzi.

Mfupa unaopukutika upakwe Paraloid B-72, gundi ya plastiki, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, kwa kiasi cha takriban sehemu tano katika mia, ili upenye ndani kabla ya kukauka. Mchanganyiko mzito hukaa juu, hung'aa, na huficha vile vitundu na mistari unavyohitaji kuviona. Karibu na ziwa, hasa wakati wa masika, unyevu wa hewa au wa mfupa wenyewe husababisha utando mweupe juu ya gundi. Kwa hiyo mfupa ukae ndani siku kadhaa hadi ukauke vizuri kabla ya kupakwa, na utando ukijitokeza uondolewe kwa brashi yenye asetoni kidogo. Asetoni hushika moto upesi, basi jiko, mshumaa na sigara viwe mbali, na madirisha yawe wazi. Gundi za dukani zinazoganda papo hapo zisitumike kamwe, kwa kuwa ni vigumu sana kuziondoa.

Katika mwamba wenye chokaa nyingi, kama ule wa Koru, maabara hutumia asidi hafifu ya siki kuyeyusha mwamba na kuuacha mfupa. Kazi hiyo ina kanuni zake na iachwe kwa maabara.

Hatua ya tano: alama zinazotambulisha

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, na hapa ndipo pa kupunguza mwendo. Karibu kila alama inayotambulisha iko kwenye ncha za mfupa, kwenye vinundu ambamo misuli ilishika, na kwenye nyuso za viungo. Shina la mfupa husema machache.

Tuchukue mfupa wa paja, kwa kuwa ndio unaoletwa mara nyingi. Kwanza tafuta kichwa chake cha mviringo, kile kinachoingia kwenye nyonga, maana kichwa huelekea upande wa ndani wa mwili na hivyo kitakuonyesha upande wa ndani na wa nje. Kisha shuka kwenye shina polepole, ukitafuta kinundu. Kwa dinosaria wengi kuna kinundu au ukingo upande wa nyuma, kwa ndani, chini ya kichwa kwa umbali fulani, na kwa wale wakubwa wenye shingo ndefu hukaribia katikati ya shina. Hapo ndipo msuli mkubwa wa mkia uliposhika. Mamba naye anacho, hivyo kinundu hicho peke yake hakimtambulishi dinosaria, lakini kinamwondoa mamalia. Kifaru na farasi, kwa upande wao, wana kinundu upande wa nje wa shina, upande usioelekewa na kichwa. Nao vifaru wa kale walikuwapo Rusinga, kwa hiyo kinundu hicho utakutana nacho.

Jihadhari na mtego mmoja: mamalia wana pia kinundu kidogo upande wa ndani, lakini kiko juu, mara tu chini ya shingo ya mfupa. Ikiwa kipande chako kimevunjika juu na hakina kichwa, ni rahisi kukichukulia kinundu hicho kuwa kile cha msuli wa mkia. Pima umbali wake kutoka kwenye ncha kabla ya kuandika lolote, na ikiwa ncha haipo, andika kwamba haipo.

Ncha zenyewe zina ushahidi mwingine. Mamalia mchanga ana vifuniko vya mfupa kwenye ncha, vilivyotenganishwa na shina kwa mstari ambao huunganika anapokomaa. Ukiona mstari huo, au ukiona ncha imebanduka kwa usafi na kuacha uso wenye matuta madogo, umepata dalili nzuri ya mamalia. Dinosaria hawakuwa na vifuniko hivyo. Ncha zao zilifunikwa gegedu nene, na kwa wale wakubwa uso wa ncha ni wa kukwaruza, wenye mikunjo na mashimo. Msafishaji asiyejua hili huiona mikunjo hiyo kuwa uchafu na kuikwangua hadi ikawa laini, na hapo alama imekwisha.

Pingili za uti wa mgongo zina vifuniko vyake pia. Pingili ya mamalia kwa kawaida huwa na nyuso mbili zinazokaribia kuwa bapa, na kila uso una kisahani chembamba ambacho kwa mnyama mchanga hakijashika. Kisahani hicho hubanduka pamoja na mwamba, kikionekana kama kigae cha mviringo kisicho na maana, basi kila kigae kichunguzwe kwa lenzi kabla ya kuwekwa kando. Pingili za ndovu na jamaa zake ni pana na fupi kutoka mbele kwenda nyuma. Pingili za dinosaria wenye shingo ndefu zina mashimo makubwa ubavuni yanayoingia kwenye vyumba vya ndani vilivyokuwa na hewa. Mwamba uliomo kwenye mashimo hayo utolewe kwa sindano, kwa subira, kwa kuwa kuta za vyumba ni nyembamba sana. Kundi la titanosau, dinosaria wenye shingo ndefu, ambalo Rukwatitan ni mmoja wao, lina pingili za mkia zilizobonyea mbele na zenye tufe nyuma. Pingili za mamba wa mashapo yetu nazo zina tufe nyuma, ila ni ndogo na hazina vyumba vya hewa.

Taya na meno hutoa jibu la haraka kuliko mfupa mwingine wowote. Taya la chini la mamalia ni mfupa mmoja kila upande, ilhali la dinosaria na la mamba limeundwa kwa mifupa kadhaa iliyoungana. Magego ya mamalia yana vilima na mabonde juu yake na mizizi zaidi ya mmoja. Jino la dinosaria mla nyama ni bapa, limepinda kuelekea nyuma, na kingo zake zina vimeno vidogo kama vya msumeno. Jino la mamba ni la mviringo likikatwa kwa kukingama, na kwa kawaida lina mikunjo myembamba ya urefu bila vimeno hivyo. Ukifika kwenye ukingo wa jino, weka chuma chini na utumie kijiti cha mti kilicholowekwa kwenye maji, kwa sababu sindano moja ikiteleza huondoa vimeno vingi.

Kuhusu shimo la uboho, watu wengi hulitegemea kupita kiasi. Ni kweli kwamba dinosaria wala nyama wana mifupa ya miguu yenye shimo kubwa na kuta nyembamba. Lakini mfupa mnene usio na shimo wazi unapatikana kwa dinosaria wenye shingo ndefu, kwa ndovu, kwa kifaru na kwa kiboko pia, kwa kuwa uzito wa mwili uliwataka wote wawe na nguzo imara. Ukubwa nao haumtambulishi mnyama yeyote. Jamaa wa ndovu mwenye pembe zilizopinda kuelekea chini kutoka kwenye taya la chini, ambaye mabaki yake ya Karungu yalielezwa kitaalamu mwaka 1911, alikuwa na mifupa inayoweza kumshtua yeyote anayeiona kwa mara ya kwanza.

Hatua ya sita: kutoa jina kwa ngazi

Tuseme umesafisha kipande cha mfupa kutoka Songhor, chenye kinundu upande wa nje wa shina na mstari wa kifuniko kwenye ncha ya chini. Andika kwanza kwamba ni mfupa wa paja. Ongeza kwamba ni wa mguu wa kulia au wa kushoto, ukieleza umejuaje. Ongeza kwamba ni mamalia ambaye hajakomaa, kwa sababu ya ule mstari. Ongeza kwamba kinundu kinaelekeza kwenye kundi la vifaru na jamaa zao. Simama hapo. Jina la spishi liachiwe mtafiti atakayeulinganisha na mifupa iliyohifadhiwa Nairobi, na kando ya kila ngazi andika alama iliyokufikisha hapo, ili anayekuja baadaye aweze kukupinga kwa haki.

Faida ya kuandika namna hii ilionekana mwaka 2019, wakati Matthew Borths na Nancy Stevens walipomtangaza Simbakubwa kutokaafrika, mla nyama mkubwa kuliko simba wa leo, ambaye taya na mifupa yake vilichimbwa Meswa Bridge miongo kadhaa kabla na kuhifadhiwa kwenye droo katika makavazi ya Nairobi. Mifupa hiyo ilingoja mtu wa kuitazama upya. Iliweza kutambuliwa kwa sababu meno yake yalikuwa hayajaharibiwa na kumbukumbu za mahali ilipotoka zilikuwapo.

Kwa hiyo namba iandikwe kwenye mfupa wenyewe, juu ya tabaka jembamba la Paraloid na mbali na alama zote zilizotajwa hapo juu, kwa wino usiofutika, kisha ifunikwe kwa tabaka jingine. Mfupa ulazwe kwenye kitanda cha sponji kilichokatwa kwa umbo lake, ukiwa na lebo ya karatasi ngumu ndani ya sanduku na nyingine nje. Mfuko wa mwamba, chembe zilizochujwa, vigae visivyojulikana na nakala ya kurasa za daftari vifuatane na sanduku hilo hadi kwenye makavazi, na anayelipokea atie sahihi kwa kila kimoja.